Namba C Imepanda Marangu, Namba E Imechemka Njiani: Mnacheka Nini?

Wiki ya Krismasi kuna picha ilitembea sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya Moshi, ikahamia Insta, ikarudi tena WhatsApp ikiwa imeongezewa maneno. IST ya rangi ya fedha, namba C, imesimama pembeni ya barabara ya kutoka Himo kupanda Marangu. Bampa la mbele limeshikwa na waya. Mlango mmoja rangi yake haifanani na mingine. Juu ya picha mtu kaandika: "Na hii nayo inaenda kuhesabiwa?"

Basi watu wakacheka. Mmoja akasema injini ya cherehani ina nguvu kuliko hiyo. Mwingine akataka mchango upitishwe mwenye gari akanunue bampa. Mwingine akaapa kwamba hiyo ndinga lazima isukumwe mpaka Mamba. Kwa siku mbili nzima gari la watu likawa kichekesho cha mkoa.

Siku ya tatu ikavuja picha nzima.

Ilipigwa na bodaboda aliyekuwa upande wa pili wa barabara. Kumbe mbele ya IST kulikuwa na Harrier, ile tako la nyani, nyeusi tii, namba E, boneti juu, mvuke unatoka kama sufuria ya mtori. Na mwenye IST, dada wa miaka ishirini na kitu, yuko pembeni ameshika dumu la lita tano anasubiri injini ipoe, maana anayefungua mfuniko wa rejeta ya moto papo hapo anaweza kuuguza uso. Ile picha ya kwanza ilikuwa imekatwa. Na aliyeikata, wadau wa mjini wanasema, alikuwa abiria wa Harrier yenyewe, yaani mtu anaokolewa huku anaposti kumcheka anayemwokoa. Jina lake si la lazima. Wafuasi anao wa kutosha, na kiki ameshaipata.

Harrier ilikuwa ya kukodi. Siku saba, 150,000 kwa siku, zidisha mwenyewe. Ilitoka Dar, ikala lami zaidi ya kilomita 500 bila tatizo, ikaja kufia mlimani ikiwa imebakiza safari ndogo tu. Hilo halishangazi. Kutoka Himo mpaka geti la Marangu hazifiki kilomita 20, lakini ndani ya hizo gari linapanda karibu mita 1,000. Barabara ya tambarare inaficha maovu mengi. Rejeta iliyoziba nusu, feni inayozunguka kivivu, maji ya bomba yaliyowekwa mahali pa kulanti, vyote vinavumilika Same na Mwanga upepo ukiwa unaingia vizuri. Ukianza kupanda taratibu na watu watano, masanduku na AC juu, hesabu inaletwa mezani.

Lakini turudi kwenye hizo namba, maana hapo ndipo wabongo wengi wanapoingizwa mjini. Herufi ya kwenye pleti inaeleza gari lilisajiliwa Tanzania kipindi gani, basi. Haisemi lilitengenezwa lini. IST za kwanza zilitoka 2002. Harrier tako la nyani ilianza 2003. Hao ni rika moja, wamesoma darasa moja. Mmoja alitangulia kuja Bongo, mwingine kashuka bandarini juzi. Mtu anayelipa mamilioni ya ziada kwa sababu ya E peke yake amenunua herufi. Na kilomita za kwenye dashibodi nazo si msahafu, zinarudishwa nyuma. Afadhali kuangalia raba ya pedali ya breki, stelingi na kiti cha dereva. Gari linalodai kilomita 70,000 huku pedali imelika mpaka chuma kinaonekana, hilo linasema uongo mbele ya mashahidi.

Sasa huyu dada. Anauza nguo za mtumba, kwenye meza yake Memorial na mtandaoni. Gari lenyewe alilinunua mkononi kwa mwalimu mmoja wa Kibosho miaka minne iliyopita, likiwa na kilomita 214,000. Desemba hii lilikuwa limefika 281,000. Hakulinunua kwa ajili ya kuhesabiwa. Mama yake anaishi Marangu, ana sukari na presha, na kila mwezi ana kliniki KCMC. Kwa usafiri wa kawaida ni Noah mpaka Himo, gari jingine mpaka Moshi, jingine tena mpaka hospitali, na anayezijua hizo Noah anajua siti ya watu watatu inakaa wangapi. Mama wa miaka sitini na nane, miguu imevimba, kapakata kikapu cha mtu asiyemjua.

Mwaka wa kwanza dada aliyakoroga kama wengine. Gari lilianza kupanda joto, akalipeleka gereji bubu moja, fundi akalipa tiba ambayo nusu ya mafundi wa Bongo wanaipenda: akatoa thamostati. "Dada, hii ndiyo inayochemsha gari, kwa hali ya hewa yetu haina kazi." Ina kazi. Ni kifaa kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kisha kinafungua njia. Ukikitoa, asubuhi ya baridi ya Marangu injini inachelewa kupata moto na inakunywa mafuta kama limelogwa. Na ugonjwa wenyewe, rejeta iliyojaa kutu kwa sababu ya maji ya bomba, unabaki palepale unakusubiri. Ulimsubiri. Siku moja akiwa na mama, mdogo wake na mikungu ya ndizi, sindano ya joto ikapanda mpaka juu na yeye akasema "si nimebakiza kidogo nifike." Gasketi ikaungua. Silinda hedi ikapelekwa kusawazishwa, rejeta ikabadilishwa, bili ikafika 650,000, mkopo wa VICOBA. Mwezi huo mama alikwenda kliniki kwa Noah. Mwezi uliofuata hakwenda kabisa.

Hiyo kauli ya "nimebakiza kidogo nifike" imeua injini nyingi kuliko uzee.

Baada ya hapo ndipo alipompata fundi wake wa sasa, meku mmoja wa Pasua asiye na bango wala kompyuta ya kupimia, ila ana tabia moja adimu: anakurudishia spea ya zamani mkononi ili uione ilivyokufa. Meku ndiye aliyemwanzishia daftari. Kila Jumapili jioni 20,000 inaingia kwenye laini ya pili ambayo haitumiki kwa kitu kingine, hata meza ya Memorial ikiwa imelala. Kwa mwaka ni 1,040,000. Mwaka uliopita kwenye hizo zilitoka oili na filta mara tatu, kila kilomita 5,000 bila kuruka, breki pedi, oili ya breki, shokapu za mbele, tairi mbili na kulanti. Chenji ilibaki. Mafuta yana hesabu yake nyingine, hayo EWURA wanapanga bei kila mwezi na huna la kufanya. Sasa rudi juu kwenye ile hesabu ya Harrier ya siku saba uliyoambiwa uzidishe.

Kila Jumamosi, kabla hajawasha, anachomoa kijiti cha oili. Injini ya IST inatumia cheni ya taiming, haina mkanda wa kubadilisha, na watu wengi wanaishia kwenye sentensi hiyo wakidhani wamepata injini isiyo na matengenezo. Cheni inaishi kwa oili. Injini yenye kilomita 281,000 inakula oili kidogo kidogo, haitoi taarifa, na taa nyekundu ikija kuwaka mara nyingi ni barua ya msiba.

Na bampa? Lina waya mwaka wa pili huu. Meku alishamwambia lipo moja zuri la mtumba, 120,000 na rangi. Jibu la dada lilikuwa fupi: "Bampa halimpeleki mama KCMC."

Tofauti yake na jamaa mwingine wa Soweto, DJ, mwenye Mark II Grande, ndiyo inayostahili komenti zenu. Kile chuma ni kizuri, hakuna ubishi. Kimeshushwa chini, tinti, rimu zinang'aa, na kwenye buti kuna spika za milioni na ushee. Tairi za nyuma ni vipara, za mtumba, na ukisoma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni zimeandikwa 1412, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2012. Raba ya umri huo imekauka hata kama ina maua. Oili ya breki hakumbuki imebadilishwa lini, labda na mwenye gari wa kwanza.

Jumapili moja alikuwa anashuka kutoka Kibosho, kaweka N ili "kusevu mafuta". Hii imani ya kushuka na N sijui nani aliileta Kilimanjaro. Gari la kisasa lenye mfumo wa nozeli, ukishuka likiwa ndani ya giya na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta inakata mafuta kabisa. Kwenye N injini inabidi ichome ili isizime. Kwa hiyo husevu chochote, halafu umejinyima breki ya injini, mzigo wote umeuachia pedi. Pedi zinapata moto, moto unaingia kwenye oili ya breki, na oili ya breki iliyozeeka imeshanyonya unyevu wa miaka. Ule unyevu unachemka, unakuwa mvuke, na mvuke unabanika, tofauti na oili. Unakanyaga pedali inazama hadi chini, hakuna kitu. Dawa yake ni bure, kushusha leva mpaka 2 au L kabla ya mteremko na kwenda taratibu, pamoja na chupa ya oili ya breki kila baada ya miaka miwili.

Jamaa aliishia kwenye shamba la watu, migomba ikamsitiri. Alitoka mzima, akapiga selfi, akaposti na vikaragosi vya kucheka, na watu wakamjibu kwa vikaragosi vya kucheka. Aisee. Dakika kumi kabla, kwenye barabara hiyohiyo, watu walikuwa wanatoka kanisani na watoto mikononi.

Ukiwauliza watu wa aina hii wanasema hela hakuna, maisha magumu. Maisha magumu ni kweli. Ila spika zilinunuliwa kwa fedha taslimu. Na kile kisingizio cha zamani cha "lazima nilitembeze, nalilipia kila mwaka" kimekufa tangu 2017, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Gari lisilo na breki likilala uani mwezi mzima likisubiri hela ya pedi, ada hiyo haikudai.

Hakuna anayesema gari la zamani ni raha. Dada mwenyewe anachoka. Kuna asubuhi betri imegoma na mteja anasubiri mzigo. Kuna bushi zinazogonga kila shimo mpaka abiria anaona aibu kwa niaba yako. Kuna spea feki zenye boksi zuri kuliko spea halali, pedi zinazopiga kelele baada ya wiki mbili, na hapo ndipo meku anapopendelea kifaa halisi cha mtumba kutoka kwenye gari lililokatwa kuliko kipya kisicho na baba. Na kuna siku IST hiyo itatosha. Meku ameshamwonyesha kutu inayoanza kwenye chasi chini ya mlango wa nyuma na akamwambia wazi kwamba giaboksi ikifa asikope tena, auze vipande. Dada ameliandika kwenye daftari, kwenye ukurasa wa mwisho, na akiba inayobaki kila mwaka imeanza kuitwa jina la gari linalofuata. Litakuwa la mkononi pia. Namba D, ikipatikana.

Siku ile ya Harrier alikaa nao pale barabarani karibu dakika arobaini. Injini ilipopoa wakamimina lita zote tano, akawaambia wazime AC, wapande taratibu, na sindano ikisogea wasimame, wasiseme wamebakiza kidogo. Kisha akapanda nyumbani kwao, bampa linatikisika, akakuta mbuzi ameshachinjwa na mama kamwekea kisusio.

Kliniki ya Januari mama alifika saa moja na nusu asubuhi, wa tatu kwenye foleni.

Dumu halijarudishwa mpaka leo.