Mondo Hana Kazi Sebuleni

Januari 2023, mjini Cincinnati nchini Marekani, mnyama mwenye madoadoa alichomoka kwenye gari lililosimamishwa na polisi, akakwea mti. Waokoaji walimteremsha kwa taabu na mguu wake ukavunjika. Kulikuwa na dhana kwamba ni paka chotara, wa aina inayoitwa Savannah. Vipimo vikaleta majibu mawili: alikuwa na kokeini mwilini, na hakuwa chotara. Alikuwa mondo halisi, yuleyule wa Serengeti na Ngorongoro, mnyama ambaye sheria ya Ohio hairuhusu afugwe nyumbani. Akaishia kwenye bustani ya wanyama ya mji huo.

Dunia ilicheka kwa sababu ya kokeini. Lakini kilichopaswa kushangaza ni kwamba ilibidi maabara iseme yupi ni mnyama wa porini na yupi ni paka wa mtu. Biashara ya paka chotara inaishi humo humo, katika kutojulikana huko.

Savannah wa kwanza alizaliwa Aprili 1986 huko Pennsylvania, kwa mfugaji Judee Frank. Baba alikuwa mondo, mama paka wa Siam. Mwaka 2001 chama cha kimataifa cha paka, TICA, kikaanza kuwaandikisha, na mwaka 2012 kikawaruhusu kushindania ubingwa katika maonyesho. Siku hizi mtoto wa kizazi cha kwanza, yule ambaye baba yake ni mondo mwenyewe, huweza kuuzwa hadi dola 20,000. Kadiri vizazi vinavyosogea mbali na mondo, bei nayo hushuka. Kwa maneno mengine, kinachonunuliwa ni upori.

Na upori huo haupatikani kirahisi. Dume la mondo huweza kufikisha kilo 18, na paka jike wa kawaida ana kilo nne hivi. Anapompanda humng'ata shingoni, kama ilivyo desturi ya jamii yao, na meno hayo si ya kuchezea. Mimba ya paka huchukua siku 65 hivi, ya mondo hukaribia 74, kwa hiyo watoto wa kizazi cha kwanza mara nyingi hutoka kabla hawajakomaa. Hapo ndipo vinapohitajika vyumba vya joto, bomba la sindano lenye maziwa, na mtu wa kukesha. Wakinusurika, madume wa vizazi vya mwanzo huwa tasa, kama alivyo nyumbu anayezaliwa na punda na farasi.

Mapenzi ya watu kwa paka hawa yanaeleweka. Miguu ni mirefu na masikio yamesimama. Wengine hupenda maji na hufuata watu kama mbwa. Savannah aliyeishi Michigan aliingia kwenye vitabu vya rekodi vya Guinness kwa kimo cha sentimita 48.4 hadi begani. Ukimtazama kwenye simu kwa nusu dakika, utamtaka.

Ila nusu dakika haionyeshi usiku. Ngorongoro, mtafiti Aadje Geertsema aliwafuatilia mondo kwa muda mrefu, akaona kwamba karibu nusu ya miruko yao hunasa mawindo, na kwamba mmoja huzunguka eneo la takribani kilomita za mraba kumi. Sasa mchukue mnyama aliyerithi nusu ya damu hiyo, umweke kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Atapanda juu ya friji, kisha juu ya kabati, kisha atajifunza kitasa cha mlango. Atakojolea kochi, zulia na begi la mgeni, akiweka mipaka yake kama inavyompasa. Kuhasiwa mapema hupunguza tabia hiyo, lakini hakumwondolei kila mmoja. Kuku wa jirani nao, ni bora wasitajwe.

Matunzo yake ni kazi ya kila siku. Anahitaji banda la nje la waya lenye paa, kwa sababu ukuta wa mita mbili hauwezi kumzuia. Anahitaji nyama, lakini si mnofu mtupu, maana mnofu bila mifupa humnyima kalsiamu na mifupa yake mwenyewe hudhoofu akingali mdogo. Taurini, ambayo hupatikana kwa wingi kwenye moyo wa ng'ombe au wa kuku, ikikosekana huathiri macho na moyo wa paka yeyote. Chanjo ni mtihani mwingine: Marekani hakuna chanjo ya kichaa cha mbwa iliyoidhinishwa kwa machotara wa wanyama wa porini. Daktari akimchanja hufanya hivyo kwa uamuzi wake, na paka huyo akimng'ata mtoto, mamlaka huweza kumhesabu kama mnyama ambaye hakuchanjwa kabisa.

Nchi zimejibu kila moja kwa namna yake. Australia ilipiga marufuku kuingiza Savannah mwaka 2008, ikihofia wanyama wake wadogo wa asili, ambao tayari wanaliwa na paka walioasi nyumba. Uingereza humtaka mwenye paka wa kizazi cha kwanza awe na leseni chini ya sheria ya 1976 ya wanyama hatari, lakini vizazi vinavyofuata haviguswi. Jiji la New York limewakataa wote, ilhali jimbo lenyewe linawakubali kuanzia kizazi cha tano.

Mstari wa New York, ule wa jimbo, una akili. Savannah wa kizazi cha tano au cha sita ni paka, mwenye fujo kidogo na madoa mazuri, na mwenye nafasi na subira anaweza kuishi naye vizuri. Anayetaka tu paka mwenye sura ya msituni ana njia nyingine: Sokoke, paka wa pwani ya Kenya ambaye Wagiriama walimjua zamani, ana michirizi kama gome la mti na ni paka wa kufugwa kamili.

Kizazi cha kwanza ndicho cha kukomesha. Ili azaliwe, lazima mahali fulani pawe na mondo dume aliyefungiwa maisha yake yote pamoja na paka, akitumiwa kutengeneza watoto ambao madume wao wenyewe hawatazaa. Mnunuzi akichoka baada ya miaka mitatu, na paka huweza kuishi 15 au zaidi, vituo vya kuwahifadhi ni vichache, bustani za wanyama hazimhitaji kwa sababu si spishi ya kuhifadhiwa, na wenye makao ya paka wa kawaida wanaogopa kumpokea. Leseni ingeanzia hapo, kwa mwenye mondo bandani, kabla ya kumfikia mwenye paka sebuleni.