Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Afya wa Kaunti za Meru na Embu Kuhusu Maambukizi ya Betri ya Moyo

Nakala kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA)



Mkazi wa Meru au Embu ambaye mapigo ya moyo wake yamepungua kupita kiasi mara nyingi hupelekwa Nairobi kupandikizwa kifaa ambacho wengi hukiita betri ya moyo, yaani kijisanduku kinacholazwa chini ya ngozi karibu na mtulinga na kuunganishwa na moyo kwa nyaya zinazopita ndani ya mshipa wa damu. Upasuaji hufanyika huko, lakini maambukizi, yakitokea, hujitokeza nyumbani, Maua au Nkubu, Runyenjes au Siakago, wiki chache au hata miaka baadaye, na anayeyaona kwanza ni afisa wa kliniki au muuza dawa, wala si bingwa wa moyo.

Wanaopatwa ni wachache, takriban mmoja au wawili katika kila wagonjwa 100 waliopandikizwa, na uchache huo ndio unaofanya kosa lipite bila kutambuliwa. Bakteria wanaohusika zaidi ni stafilokokasi, ambao kwa kawaida huishi kwenye ngozi bila madhara. Wakishafika kwenye chuma na plastiki hujijengea utando wa utelezi ambao viuavijasumu havipenyi vizuri. Ndiyo maana uvimbe hunywea mgonjwa anapomeza dawa, kisha hurudi dozi inapokwisha, naye huandikiwa dozi nyingine. Miongozo ya kimataifa haina utata hapa: maambukizi ya kifaa yakithibitishwa, kijisanduku na nyaya zote huondolewa, na kifaa kipya, kama bado kinahitajika, huwekwa upande mwingine damu ikishakuwa safi. Kidonda cha juujuu cha mshono mpya ni jambo tofauti na huweza kupona kwa dawa, ila kuvitofautisha viwili hivyo si kazi ya duka la dawa.

Ucheleweshaji ndio wenye gharama kubwa kuliko yote, kwa kuwa bakteria huweza kuufuata waya hadi kwenye vali na kusababisha endokadaitisi, yaani maambukizi ya utando wa ndani wa moyo, ambayo huua. Tena nyaya zilizokaa zaidi ya mwaka hushikwa na makovu ndani ya mshipa, hivyo kuzichomoa hudai vifaa maalumu na timu ya upasuaji iliyo tayari iwapo mshipa utachanika.

Kinachoombwa kwa kaunti ni kidogo mno kikilinganishwa na hatari hiyo: mwongozo wa ukurasa mmoja, kutoka hospitali za rufaa za Meru na Embu hadi kila zahanati, unaoagiza kwamba mwenye kifaa akipata homa isiyoeleweka, au ngozi iliyo juu ya kifaa ikiwa nyekundu, ikivimba au ikichubuka, asichomwe sindano ya kunyonya usaha, kwa sababu sindano yenyewe huingiza bakteria, achukuliwe damu ya kuoteshwa maabara, angalau mara mbili na kutoka sehemu tofauti, kabla ya dozi ya kwanza ya dawa, na hospitali iliyompandikiza ipigiwe simu siku hiyo hiyo.

Kwa upande wa SHA, iliyoanza kazi Oktoba 2024, sheria ya 2023 iliyoianzisha iliunda pia mfuko wa dharura na magonjwa sugu na mahututi. Uondoaji wa kifaa, kifaa cha muda kwa ambaye moyo wake haupigi vizuri bila msaada, na upandikizaji mpya vinastahili kutajwa humo kama tiba moja, kwani kugharamia hatua moja tu ni kumwacha mgonjwa katikati ya upasuaji.

Hatari hii haiishi na kifaa cha kwanza. Arne Larsson wa Uswidi, mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa hiki, mwaka 1958, alibadilishiwa zaidi ya vifaa 20 kabla ya kufariki mwaka 2001. Betri za leo hudumu miaka mingi zaidi, lakini kila zinapobadilishwa mfuko wa ngozi kinamokaa kifaa hufunguliwa upya, na hatari ya maambukizi wakati huo huwa kubwa kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo kaunti zote mbili zinaombwa kuwa na daftari la wakazi wenye vifaa hivi, lenye tarehe, aina ya kifaa na hospitali iliyohusika, na kutangaza ni ofisi ipi italitunza.