Bunduki ya Marisau na Mkulima wa Katelembo



Kila mwaka mvua za Oktoba zikikaribia, watu huja mezani pangu na maswali ya mbegu na mbolea. Siku hizi limezidi swali jingine. Wakulima wa Katelembo, wala si mmoja wala wawili, wamenijia wakisema: "Mwalimu, bunduki gani ya marisau ni ya bei nafuu, ifaayo kulinda nyumba na kupiga kanga na kwale?" Huniita Mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu, ingawa sasa ni karani wa ofisi ya kilimo. Mimi si fundi wa bunduki wala si askari. Lakini kwa kuwa ndimi huwajazia wengi fomu zao, imenibidi kujifunza habari hii, na nina maoni yangu.

Mzee mmoja alikuja akiwa amekwisha kukubaliana bei. Alitaka kuuza mitamba wawili wa gredi ili anunue bunduki kuukuu ya Kiingereza, ya mitutu miwili. Usiku wa juma lililopita wezi walikuwa wamebomoa zizi la jirani yake na kuondoka na mbuzi wanne. Nikamwuliza, "Mzee, utaiweka wapi?" Akajibu, "Chini ya kitanda, mahali pa mali yote." Na wajukuu watatu hulala chumba hicho hicho.

Sikumcheka. Mtu ambaye zizi lake liko hatua ishirini kutoka mlangoni, na kituo cha polisi kiko mbali, hawezi kuambiwa asiogope. Wako maofisa wasemao ya kuwa mkulima mdogo hana haja ya bunduki, ati hiyo ni mali ya wenye mashamba makubwa. Mimi sikubaliani nao. Sheria haiulizi mtu ana ekari ngapi.

Sheria yauliza mambo mengine. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yasema ya kuwa mwombaji lazima awe na sababu njema ya kutaka silaha, tena awe mtu ambaye akipewa hatahatarisha amani wala usalama wa watu. Mlevi hapewi. Mwenye maradhi ya akili hapewi. Maombi huamuliwa na Bodi ya Leseni za Silaha, wala si chifu, wala si karani, wala si yule kijana wa sokoni asemaye "najua mtu". Mwombaji hutakiwa kuleta cheti cha polisi cha tabia njema, huchunguzwa afya na akili, na huulizwa maswali na wakuu wa usalama wa mahali pake. Tena asifikiri ya kuwa akishapewa amemaliza. Mwezi wa Desemba 2018 Serikali iliamuru raia wote wenye bunduki za leseni wafike kuhakikiwa upya, na walipewa siku 90.

Sasa angalieni kosa la yule mzee. Alikuwa amepatana bei, na muuzaji alikuwa akimhimiza atoe arubuni, kabla hajaomba hata fomu. Cheti hutangulia, bunduki hufuata. Anayekuuzia bunduki bila kuona cheti chako anakuuzia kifungo. Na zile zinazotengenezwa na wahunzi kwa bomba la maji, msiziguse kabisa. Mbali na sheria, hupasuka na kuchukua mkono wa mpigaji.

Katika swali la wakulima hawa mna mambo mawili yaliyofungwa pamoja kama mzigo mmoja, nayo hayafungiki: kulinda nyumba, na kuwinda ndege. Habari ya ndege nitaisema wazi. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 ilikaza zaidi: kuwinda kwa mchezo ni kosa, na kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa pia. Kanga wa porini ni mnyama wa porini mbele ya sheria hiyo, hata akiwa katikati ya mahindi yako. Najua maneno haya ni machungu katika nchi ya Wakamba, ambao babu zao walijulikana mbali kwa upinde na mishale ya sumu. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa hadithi za wawindaji. Lakini mtu akiandika katika fomu, "Nataka bunduki ya kupiga kwale," ameandika sababu ya kunyimwa, na akipewa kwa sababu nyingine kisha akaonekana na kwale mkononi, hana la kujibu.

Hata bila sheria, hesabu ya ndege haikubali. Kwelea mmoja hula nafaka gramu 10 hivi kwa siku. Kundi la kwelea elfu moja, ambalo ni kundi dogo sana, humaliza kilo 10 kwa siku moja. Ukipiga risasi moja waanguke hata ishirini, 980 waliobaki watazunguka na kutua upande wa pili wa shamba kabla hujatia risasi nyingine. Mwanzo wa mwaka wa 2023 kwelea walipovamia mashamba ya mpunga huko Kisumu, kazi ile haikuachiwa mwenye bunduki. Serikali ilipeleka watu wa kunyunyizia dawa. Kwelea wakionekana kwenu, leteni habari ofisini siku hiyo hiyo, msingoje Jumatatu. Wala mtu asitege nafaka yenye sumu, maana ataua kuku wake, mbwa wa jirani, na labda mtoto.

Kanga hufukua mbegu mara tu baada ya kupandwa, basi ulinzi wake ni wa siku chache za kwanza: fukia mbegu vizuri, na weka mlinzi mwenye debe au kombeo tangu alfajiri mpaka saa tatu, tena kuanzia saa kumi jioni, kwa kuwa ndizo saa ndege wanazokula. Wenye kupanda mtama watafute aina nyekundu kama Serena na Seredo, ambazo ndege hawazipendi sana kwa ukakasi wake. Na jambo kubwa kuliko yote ni kupanda pamoja. Shamba moja likiiva peke yake, ndege wote wa Katelembo watakuwa wageni wa mtu mmoja.

Basi yabaki nyumba. Mkulima ambaye kweli ana sababu, na amepata cheti, anunue ipi? Jibu langu ni bunduki ya mtutu mmoja, kipimo cha 12, ifunguliwayo kwa kukunjwa katikati. Ni ya bei ya chini kuliko zote, vyuma vyake ni vichache, na ikikunjwa kila mtu aona mara moja kama ina risasi au haina. Hii ni faida kubwa katika nyumba yenye watoto. Ile ya kuvuta mkono mbele na nyuma huchukua risasi nyingi, lakini yataka mazoezi, na risasi iliyojificha ndani haionekani kwa urahisi. Ya mitutu miwili ni nzuri, ila bei yake hupanda, na iuzwayo kwa bei ndogo huwa na kasoro.

Kipimo hiki cha 12 wengi hudhani ni milimita. Sivyo. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, uigawe vidonge 12 vilivyo sawa. Kidonge kimoja chaenea mtutu huo, ambao upana wake ni milimita 18 na nusu hivi. Kwa hiyo ya 20 ni ndogo kuliko ya 12, ingawa namba yake ni kubwa. (Hapo zamani darasani ningewapeni hesabu hiyo kuwa kazi ya nyumbani.) Ya 20 haipigi bega sana, nayo yafaa mtu mwembamba. Lakini nyumba moja isiwe na vipimo viwili kamwe. Risasi ya 20 ikitiwa katika mtutu wa 12 hupenya na kukwama mbele. Mtu akidhani hakutia kitu, akatia ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka usoni pake. Ndiyo maana viwanda hutia risasi za 20 rangi ya manjano.

Anayenunua kuukuu awe na macho. Kunja bunduki, toa mtutu, utazame ndani ukiuelekeza penye mwanga: mashimo ya kutu na mabonyeo ni ila isiyotengenezeka kwa bei nafuu. Ukiifunga tena, itikise; ikigongagonga penye bawaba, iache. Soma chapa. Bunduki za Uingereza hupimwa nguvu London au Birmingham na kupigwa mhuri, na nyingine za zamani zilipimwa kwa baruti nyeusi tu, wala haziwezi kustahimili risasi za leo. Tena nyingi za zamani zilichongwa kwa risasi ya milimita 65, na risasi zinazouzwa sana sasa ni za milimita 70. Risasi ndefu huingia katika bunduki hiyo bila shida, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa ikifunguka hubana na nguvu huzidi. Ile ya mzee wetu ilikuwa ya namna hiyo. Mtutu mmoja mpya kutoka Urusi au Uturuki ungemgharimu kidogo, tena bila wasiwasi.

Lakini bei ya bunduki si gharama yote. Sheria yataka silaha na risasi ziwekwe salama wakati wote, na mwenyewe achukue hadhari zote zisipotee wala kuibiwa. Chini ya kitanda si salama. Juu ya dari si salama; watoto hupanda. Yatakiwa sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani kwa boliti, na risasi ziwe mahali pengine penye kufuli lake. Nyumba ya udongo haina ukuta wa kushika boliti, basi hesabu na fundi na saruji. Ongeza safari za ofisi, ada za cheti na za kukifanya upya, na risasi za mazoezi, kwa maana asiyefanya mazoezi atapiga mlango wake mwenyewe. Nimeona mtu amenunua bunduki kisha akakosa karo ya muhula wa pili.

Tena angalieni ukubwa wa mashamba yetu. Shamba la ekari mbili likiwa mraba, upande wake ni mita 90. Marisau madogo ya namba 6, ambayo risasi moja huwa nayo zaidi ya 250, huruka zaidi ya mita 200 ingawa hayaui ndege mbele ya mita 35 au 40. Yale makubwa, tisa katika risasi moja, huenda mamia ya mita. Kwa hiyo ukisimama katikati ya shamba lako na kupiga sawa na ardhi, marisau yatatua kwa jirani, na usiku hujui jirani yuko wapi. Mabati hayazuii kitu. Matofali mabichi si ya kutegemea.

Na mwizi akija? Sheria ya Kenya humruhusu mtu kujilinda na kulinda mali yake kwa nguvu zinazolingana na hatari iliyopo. Mwenye panga aliyevunja mlango na kukuingilia ni habari moja. Anayekimbia na kuku kwapani, mgongo wake kwako, ni habari nyingine kabisa, na ukimpiga huyo utasimama kizimbani kueleza kwa nini. Gizani, watu wakipiga kelele, wachache huweza kupambanua. Ndiyo sababu nasema bunduki iwe ya mwisho katika orodha ya mkulima, baada ya mbwa wawili wakali, mlango wa mbao nene wenye komeo la ndani, zizi lililo karibu na chumba cha kulala, taa ya jua juu ya zizi, na namba za simu za majirani kumi waliokubaliana kutoka pamoja filimbi ikilia. Vyote hivyo pamoja havifiki bei ya mtamba mmoja. Wezi wa mbuzi hutaka kimya. Wakikosa kimya huenda kwingine.

Wako watakaoniambia ya kuwa majirani hawatoki usiku siku hizi, kila mtu hufunga mlango wake. Ni kweli mahali pengine. Lakini mwenye bunduki peke yake naye ana shida yake: habari huenea, na wako wezi wajao kwa ajili ya bunduki yenyewe.

Yule mzee alirudi Ijumaa pamoja na mkewe. Mama ndiye aliyesema zaidi. Aliuliza bei ya sanduku la chuma, akauliza kama boliti zitashika katika ukuta wao, kisha akauliza habari ya taa za jua. Mzee akaomba fomu hata hivyo, nami nikampa, maana ni haki yake, na nikamwonyesha mahali pa kuandika sababu. Bado hajairudisha. Mitamba wake wawili wako nyumbani, na mmoja amekwisha pandishwa.