Mali Bila Daftari: Je, Vyama vya Wachezaji Vyastahili Kuandikwa?

Hapa Nakuru, kama ilivyo huko Mombasa na Malindi, vijana wetu wamezusha vyama vya namna mpya. Havina ofisi wala bango la mlangoni. Mwanachama mmoja yuko Bondeni, wa pili yuko Njoro, wa tatu yuko Likoni, nao hukutana usiku ndani ya simu zao kucheza mchezo mmoja wa mtandao. Wana kiongozi na naibu wake, wana kanuni, na asiyehudhuria hufukuzwa. Jina la chama chao hulionea fahari kuliko jina la mtaa waliozaliwa.

Sasa baadhi yao wanauliza jambo ambalo sisi wazee hatukulitazamia. Je, chama kama hicho chastahili kuandikwa katika kamusi elezo, yaani kitabu kikusanyacho maarifa ya dunia? Wanayoikusudia zaidi ni Wikipedia, ambayo husomwa kwa mtandao na ambayo ina toleo la Kiswahili tangu mwaka 2003. Wako wanaocheka wasikiapo swali hili. Mchezo ni mchezo, husema, na vitabu ni vya mambo ya maana. Vijana nao hujibu: ikiwa klabu ya mpira yaandikwa, sisi tuna kosa gani?

Mimi sioni kuwa ni swali la kuchekwa. Anayeamua nani aandikwe ndiye anayeamua wajukuu wetu watatujua kwa lipi.

Kwanza niwajibu wale wasemao kwamba mchezo haustahili wino. Katika mwaka 377 wa Hijra, sawa na mwaka 987 wa Miladi, muuza vitabu mmoja wa Baghdad, Ibn al-Nadim, alitunga orodha kubwa ya vitabu na waandishi aliowajua, iitwayo Al-Fihrist. Humo mna mafakihi, wanafalsafa, matabibu na washairi. Humo pia mna mabingwa wa sataranji waliotunga vitabu juu ya mchezo wao, kama Al-Adli na Al-Suli. Maulamaa walikuwa na hitilafu kubwa juu ya sataranji. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata pwani, anajulikana kuwa aliuona ni makuruhu. Hata hivyo Ibn al-Nadim aliwaandika wachezaji wake. Alijua kwamba kumwandika mtu si kumsifu, wala si kutoa fatwa.

Tena tusiende mbali mpaka Baghdad. Sisi wenyewe wa pwani tulikuwa na vyama vya wachezaji kabla babu za vijana hawa hawajazaliwa. Mwishoni mwa karne ya 19 ilizuka ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu. Mombasa walikuwapo Kingi na Skochi, na Tanganyika wakawapo Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na vyeo vyake, na mchukuzi wa bandarini aliweza kuwa jenerali siku ya ngoma. Walishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu. Walichangiana, wakauguzana na kuzikana. Katika vita vya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliichukua beni hadi bara, ikafika mpaka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama, na ushindani wao ulikuwa mkali usio kifani.

Zama zile wako watu wa heshima walioona kuwa yote hayo ni upuuzi na ubadhirifu. Pengine katika ubadhirifu walisema kweli. Lakini mwaka 1975 mwanahistoria Terence Ranger alitoa kitabu kizima juu ya beni, na mwaka 1979 Margaret Strobel akatoa kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ambamo vyama vya lelemama vina nafasi kubwa. Leo mwanafunzi atakaye kujua watu wa pwani waliishije chini ya ukoloni, hana budi kuwasoma wachezaji wale.

Kwa hiyo hoja ya kwamba mchezo ni mchezo haina miguu. Chama cha wachezaji chaweza kustahili. Lakini ni chama kipi?

Hapa ndipo ninapoachana na vijana wangu. Wengi wao hudhani kwamba sifa ya kuandikwa ni wingi wa wanachama, au ushindi, au kule kujulikana baina yao wenyewe. Sivyo. Kanuni ya Wikipedia ni kwamba jambo liwe limeelezwa kwa kirefu na watu wengine, wa kuaminika, wasio na maslahi nalo. Msomaji aliyekaa darasani kwa masheikh haitamwia ngeni kanuni hii. Wanavyuoni wa hadithi hawakukubali habari kwa uzuri wake tu. Waliuliza: nani kasimulia, kaipokea kwa nani, na je, ni mtu mwaminifu? Msimulizi asiyejulikana aliwekwa kando. Basi ikiwa sisi ni watu wa sanadi, tusilalamike tuombwapo ushahidi.

Nitoe mifano miwili ya ng'ambo. Mwezi Januari 2014, katika mchezo uitwao EVE Online, miungano mikubwa ya wachezaji ilipigana kwa muda wa saa 21, na walioshiriki walizidi 7,000. Vyombo vya habari visivyo na uhusiano na wachezaji viliieleza habari hiyo, na hasara ikakadiriwa kwa dola za kweli. Jambo la namna hiyo lina mashahidi, na mwandishi wa kamusi ana cha kushika. Kuna na chama cha The Syndicate, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1996, ambacho historia yake iliandikwa katika kitabu na kiongozi wake mwenyewe. Sisemi kwamba mtu huyo hakusema kweli. Nasema kwamba kitabu kama hicho, peke yake, hakitoshi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kamusi elezo ikiruhusu kila mmoja kujitembeza itageuka kuwa ubao wa matangazo.

Basi nionavyo mimi, chama cha vijana wa Nakuru kisicho na shahidi hata mmoja wa nje hakistahili ukurasa leo, na anayeufuta hakuwadhulumu.

Lakini neno halikomei hapo, maana dhuluma ipo mahali pengine. Beni iliingia vitabuni kwa sababu kulikuwa na mashahidi. Serikali ya kikoloni iliitilia shaka ikaandika ripoti juu yake, na baadaye watafiti wakaja kuwauliza wazee. Hata wale walioikemea walikuwa wanaweka ushahidi bila kukusudia. Vijana wetu wa leo nani anawaandika? Mchezaji wa Kenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kwa jina la QueenArrow, alipochukuliwa na timu ya kigeni mwaka 2018, habari zake zilienea. Chama cha vijana 40 wa Nakuru, Njoro na Likoni, Waislamu na Wakristo, Wakikuyu, Wakalenjin na Waswahili, ambao hucheza pamoja hata siku ambazo wakubwa wao wanazozana kwa siasa, hakuna gazeti lililokwenda kukitazama. Katika Bonde la Ufa, ambako damu ilimwagika baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Anayetaka kujua mwisho wa mchezo usioandikwa na aende Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wetu, kando ya barabara ya Nairobi. Mary Leakey alipafukua mwaka 1937. Huko kuna mashimo ya bao yaliyochongwa katika jiwe lenyewe. Mtu wa Lamu akiyaona atayatambua mara moja, na vidole vitamwasha atafute kete. Lakini waliocheza hapo walikuwa nani? Bingwa wao aliitwaje? Walikuwa na utani gani, na vijana wao walifunzwaje? Jiwe limebaki, watu wamepotea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo nawaambia vijana: msigombanie ukurasa, wekeni kumbukumbu. Andikeni tarehe za kuanzishwa kwenu, majina ya viongozi kwa ridhaa yao, mashindano na matokeo yake, na misaada mliyopeana. Mchezo wenye kamari ndani yake jitengeni nao, na yale masanduku ya bahati yanunuliwayo kwa fedha yaogopeni, kwa kuwa hukumu ya kamari katika dini yetu haina shaka. Nanyi walimu wa vyuo vikuu, Egerton iko hapa Njoro. Tumeni wanafunzi wenu wakawasikilize vijana hawa, kama Strobel alivyowasikiliza mabibi wa Mombasa. Nasi wenye magazeti tuache kungoja mpaka kijana ashinde Ulaya ndipo tumjue.

Tukifanya hayo, kamusi elezo itakuwa na sanadi ya kutegemea, na chama kitakachostahili kitaingia kwa mlango, si kwa dirisha.