Kamina: Anayesoma masta asilazimike kuacha kazi

Tangu 2015, Kamina ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami. Ofisi za jimbo zinahitaji watu wanaojua kupanga mifumo ya taarifa: mishahara, kodi, daftari za vizazi. Lakini mfanyakazi mwenye familia atasoma namna gani?

Katika mfumo wa LMD, masta ni miaka 2 baada ya miaka 3 ya lisansi. Akienda Lubumbashi, mshahara unagawanyika nyumba mbili na meza yake ofisini inabaki tupu. Akibaki, masomo ya asubuhi yanagongana na saa za kazi.

Njia iko. Vyuo vikuu vya Kamina vipange masomo ya jioni na ya siku ya posho, nao wakubwa wa kazi wakubali ratiba hiyo kwa maandishi. Ni kweli, jioni inataka umeme; lakini afadhali kununua paneli za jua za darasa moja kuliko kupoteza mfanyakazi miaka 2.

Kazi ya mwisho ya masomo nayo itoke ofisini kwa mwanafunzi: kama karatasi za wakaaji zinapotea, atafute sababu na atengeneze mfumo wa kuzitunza. Hapo mzazi anayekuja kutafuta cheti cha mtoto wake ndiye atakayeona faida ya kwanza.