Ushindi Pekee Hautoshi Kumpa Kocha Uwanja

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'aa gizani. Huko Marekani, katika mji wa State College jimboni Pennsylvania, pana jina moja ambalo limezua ubishi kwa zaidi ya miaka kumi: je, liandikwe kwenye uwanja wa chuo kikuu au lisiandikwe? Jina lenyewe ni la marehemu Joe Paterno, aliyekuwa kocha wa timu ya Chuo Kikuu cha Penn State. Huenda msomaji akauliza ugomvi wa watu wa mbali namna hiyo unatuhusu nini. Unatuhusu, hasa walimu na wanafunzi, kwa kuwa kiini chake ni swali linaloweza kuifika shule yoyote yenye timu. Mtu aliyewaletea vijana ushindi na sifa kwa miaka mingi, kisha alipohitajika kumlinda mtoto akafanya machache, anastahili heshima ya namna gani?

Mchezo tunaouzungumzia si kandanda tuijuayo. Ni futiboli ya Kimarekani, ambayo mpira wake una umbo la yai na huchezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, hivi kwamba mgeni akiutazama atadhani ni raga. Mashindano ya vyuo vikuu katika mchezo huo huvutia umati ambao sisi huku huuona kwa nadra. Uwanja wa Penn State, uitwao Beaver, huchukua watu zaidi ya 106,000. Jina hilo ni la James Beaver, jenerali aliyepoteza mguu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akawa gavana wa Pennsylvania kuanzia 1887 hadi 1891, na baadaye akakaimu urais wa chuo chenyewe.

Paterno alifika chuoni humo mwaka 1950 akiwa kocha msaidizi. Mwaka 1966 alipandishwa cheo akawa kocha mkuu, na wadhifa huo akaushikilia hadi Novemba 2011. Timu zake zilishinda mechi 409 na kutwaa ubingwa wa taifa mara mbili, katika misimu ya 1982 na 1986. Ushindi wa 409 ulipatikana tarehe 29 Oktoba 2011, naye akaipita rekodi ya mechi 408 iliyowekwa na Eddie Robinson, kocha mashuhuri wa Grambling State, chuo cha Wamarekani weusi jimboni Louisiana. Robinson alikuwa amepewa uwanja tangu 1983, angali kazini. Katika jimbo la Alabama, jina la kocha Bryant liliongezwa kwenye uwanja wa chuo kikuu mwaka 1975, naye pia alikuwa bado anafundisha. Basi si ajabu wafuasi wa Paterno wakiona kwamba mtu wao amenyimwa haki yake.

Wafuasi hao wana hoja, na hoja zao zinapaswa kusikizwa hadi mwisho. Paterno alisisitiza kwamba mchezaji ni mwanafunzi kwanza. Yeye na mkewe, Sue, walikitolea chuo mamilioni ya dola, na walikuwa mstari wa mbele kuchangisha fedha za kupanua maktaba. Jengo lililofunguliwa mwaka 2000 linaitwa Maktaba ya Paterno hadi leo. Ni makocha wangapi duniani wanaokumbukwa kwa kuwajengea wasomi mahali pa kusomea? Mtu wa aina hiyo, wasema wafuasi wake, hawezi kuhukumiwa kwa jambo moja.

Tulitazame basi jambo lenyewe. Juma moja baada ya ushindi ule wa 409, tarehe 5 Novemba 2011, polisi walimkamata Jerry Sandusky. Huyu alikuwa msaidizi wa Paterno kwa miaka mingi hadi alipostaafu mwaka 1999. Mwaka 1977 alikuwa ameanzisha shirika la hisani la kuwasaidia watoto wenye shida, na kwa njia ya shirika hilo akawapata wavulana aliowanajisi. Mwezi wa Juni 2012 alipatikana na hatia katika mashtaka 45 yaliyohusu wavulana kumi. Alihukumiwa kifungo kisichopungua miaka 30 na kisichozidi 60.

Paterno anaingiaje? Mapema mwaka 2001, kijana mmoja aliyekuwa akisaidia katika ukufunzi wa timu alimwendea nyumbani, akamweleza kwamba alikuwa amemwona Sandusky bafuni na mvulana mdogo, katika hali isiyofaa. Paterno alimjulisha mkurugenzi wa michezo wa chuo, aliyekuwa mkubwa wake kwa cheo. Hapo akakomea. Polisi hawakuarifiwa, si na yeye wala na wakubwa wale, na Sandusky akaendelea kuonekana katika majengo ya timu. Miongoni mwa wavulana ambao mahakama iliamua walidhulumiwa, wamo waliodhulumiwa baada ya mwaka huo wa 2001.

Chuo kilimfuta Paterno kazi tarehe 9 Novemba 2011. Siku hiyo hiyo alikiri kwamba, akitazama nyuma, anatamani angefanya zaidi. Alifariki kwa saratani ya mapafu tarehe 22 Januari 2012, akiwa na umri wa miaka 85. Julai mwaka huo, ripoti ya Louis Freeh, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa shirika la upelelezi la FBI, ilidai kwamba wakuu wa chuo, Paterno akiwemo, walificha habari za Sandusky. Familia ya marehemu iliipinga ripoti hiyo na kuwaajiri wataalamu wake kuijibu. Sanamu ya Paterno iliyokuwa nje ya uwanja iliondolewa tarehe 22 Julai 2012. Kesho yake chama kinachosimamia michezo ya vyuo kilikitoza chuo faini ya dola milioni 60 na kufuta ushindi wote uliopatikana tangu 1998. Ushindi huo ulirejeshwa Januari 2015. Mwaka 2017 wakuu watatu wa zamani, akiwemo aliyekuwa rais wa chuo, walitiwa hatiani kwa kuhatarisha usalama wa watoto. Wawili kati yao walikiri makosa. Paterno mwenyewe hakuwahi kushtakiwa.

Licha ya hayo yote, hamu ya kumrudishia heshima haikufa. Mwanzoni mwa 2024 magazeti ya huko yaliripoti kwamba baadhi ya wajumbe wa baraza la chuo walikuwa wakishinikiza eneo la kuchezea katika uwanja wa Beaver lipewe jina lake. Mwaka 2025 baraza liliamua vingine: eneo hilo likapewa jina la West Shore Home, kampuni ya ukarabati wa nyumba, kwa mchango wa dola milioni 50. Fedha zimelipatia eneo hilo jina. Swali la Paterno zimeliacha palepale lilipokuwa.

Rai yetu ni kwamba uwanja usipewe jina lake, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, wapo wanaosema kwamba maadamu hakushtakiwa, hana doa. Hapo panachanganywa mambo mawili. Mahakama humwuliza mtu kama amevunja sheria. Jamii inayotaka kumtukuza haina budi kumwuliza zaidi: je, alitenda wema uliokuwa katika uwezo wake? Na uwezo wa Paterno haukuwa mdogo. Mwaka 2004 wakuu wa chuo walimwendea nyumbani wakamtaka astaafu, akakataa, nao wakaondoka mikono mitupu. Mtu ambaye rais wa chuo hakuweza kumwondoa kazini hawezi kutetewa kwa madai kwamba alikuwa mwajiriwa tu, akampasha habari mkubwa wake na kurudi zake. Laiti angeinua simu mara ya pili kuuliza mambo yamefikia wapi, hakuna aliyethubutu kumnyima jibu.

Pili, husemwa kwamba hakuna binadamu mkamilifu, na kwamba tukidai watu wasio na ila, basi viwanja vyote vitakosa majina. Ni kweli, na wala hatudai malaika. Kocha mwenye hasira za haraka, au aliyewahi kukosana na wakubwa, anaweza kusamehewa. Lakini ila ya Paterno iko katika kiini cha kazi yenyewe. Mzazi anapomkabidhi kocha mwanawe, humkabidhi kwanza usalama wake, kisha ndipo mpira ufuate. Mtu aliyelegea katika jambo hilo la kwanza hawezi kutuzwa kwa ufanisi wake katika la pili.

Tatu, tuwafikirie wale wavulana, ambao sasa ni watu wazima. Chuo kimewalipa waathiriwa fidia ya zaidi ya dola milioni 100, na kwa kufanya hivyo kimekubali kwamba kina deni kwao. Chuo hicho hicho kikilipachika jina la Paterno uwanjani, kila Jumamosi ya mechi jina hilo litatajwa na watangazaji na kushangiliwa na maelfu. Fidia ikitolewa kwa mkono mmoja na dharau kwa mkono mwingine, aliyeumizwa ataamini upi?

Tunawasikia wanaolalamika kwamba kumnyima uwanja ni kufuta historia. La hasha. Historia huhifadhiwa vitabuni na kufundishwa madarasani, ambako mema na mabaya husemwa kwa pamoja. Jina lililo juu ya lango la uwanja halina nafasi ya maelezo. Husifu tu. Ndiyo maana hatuoni kosa maktaba ile kubaki na jina lake. Paterno aliichangia na kuichangishia, na jina lililoandikwa pale linasema ukweli huo bila kuongeza chumvi. Uwanjani, jina hilo hilo lingesema kwamba mechi 409 zimelipia kila kitu.

Kuna jambo jingine la kuzingatia katika habari hii. Sanamu ya Paterno ilizinduliwa Novemba 2001, mwaka ule ule alioletewa habari za Sandusky. Waliokusanyika kushangilia hawakujua. Heshima inayotolewa kwa mtu angali madarakani ina hatari hiyo, kwamba humtukuza kabla hesabu yake haijafungwa, na pia huwafanya walio chini yake waogope kumwuliza lolote. Sisi Wakenya tunaijua sana desturi ya kuwapa viongozi viwanja wakiwa wangali mamlakani. Kituo cha michezo cha Kasarani kilifunguliwa mwaka 1987 kikiwa na jina la rais aliyekuwa akitawala. Shule inayofikiria kumtunuku mwalimu wake wa michezo ingefanya vyema kungoja miaka kadhaa baada ya yeye kustaafu. Kisha iwaulize waliopitia mikononi mwake, wakiwemo wale waliokaa benchi na wale walioacha timu bila kueleza sababu.

Lakini kubwa zaidi kwetu ni lile lililo nyuma ya majina. Katika shule zetu pia, mwalimu ambaye timu yake hufika mashindano ya kitaifa huwa mtu wa kuogopwa. Husafiri na wanafunzi, hulala nao kambini mbali na wazazi, na neno lake ndilo huamua nani atacheza. Wengi wa walimu hawa ni waadilifu, na hujitolea bila malipo ya ziada. Hata hivyo, sifa zao zisigeuke ukuta ambao malalamiko ya mtoto hayawezi kuupita.

Sheria yetu imeliona hilo. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inamtaja waziwazi mwalimu anayetumia cheo chake kumnyanyasa mwanafunzi. Waraka wa Tume ya Kuwaajiri Walimu wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu yeyote mwenye habari au shaka ya unyanyasaji wa aina hiyo aripoti katika muda wa saa 24. Zingatia, mwalimu mwenzangu, kwamba waraka unamtaja hata mwenye shaka. Haumwambii angoje ushahidi, wala angoje msimu wa mashindano umalizike. Kumnong'onezea mwalimu mkuu kisha kurudi uwanjani kuendelea na mazoezi ndilo kosa lililomharibia Paterno miaka yake 61 ya utumishi.

Nawe mwanafunzi, ukiona au ukitendewa jambo usilolielewa, sema. Ukisema na usisikizwe, mwendee mwingine. Kikombe kilicho katika kabati la ofisi ya mwalimu mkuu hakina thamani ya kukuziba kinywa.

Wahenga walituachia pia usemi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Penn State kilificha, na kikaumbuka mbele ya dunia nzima. Maktaba na ibaki na jina la Paterno, kwa kuwa aliitendea haki. Uwanja na uendelee kuitwa Beaver.