Tahadhari: Msiiachie Kanzidata Ijirekebishe Yenyewe Kabla ya Usajili wa Oktoba

Wakuu wa vitengo vya TEHAMA wa Morogoro, hasa nyinyi wa vyuo, hospitali na SACCOS: kama mwaka huu mmewasha zana ya kurekebisha kanzidata na kuipa ruhusa ya kutenda bila kumuuliza mtu, izuieni kwanza. Irudisheni kwenye kushauri tu. Ninazo sababu, na ya kwanza inakwenda na kalenda.

Kanzidata hujibu haraka kwa sababu ya faharasa. Pasipo faharasa, kumpata mwanafunzi mmoja ni mpaka seva ipekue kila safu, ya kwanza hadi ya mwisho. Lakini faharasa nayo ina gharama: inakula nafasi kwenye diski na kuchelewesha kila ingizo jipya. Ndiyo maana zana za siku hizi hufuta zile zinazoonekana hazina kazi. Azure SQL ya Microsoft, ukishaipa ruhusa hiyo, huhesabu siku 90. Faharasa ambayo haikutumika muda huo wote huondolewa, isipokuwa zile zinazolinda upekee wa kumbukumbu.

Sasa tazameni mwaka wetu wa masomo. Wanafunzi wa SUA na Mzumbe hufunga katikati ya mwaka, wakarudi Oktoba au Novemba. Chukulia chuo chochote chenye ratiba ya namna hiyo: faharasa iliyotengenezwa kwa ajili ya usajili, ile ya kuoanisha malipo ya ada na jina la mwanafunzi, hulala likizo nzima. Siku 90 zikitimia zana inaifuta, wala haijakosea, imefanya ilichoagizwa. Wiki ya usajili maelfu wanabonyeza kwa pamoja, seva inapekua safu mojamoja, na foleni inatoka dirishani hadi getini. Watu watasema mtandao unasumbua. Mtandao wa watu hauna kosa lolote.

Jambo hilo haliishii vyuoni. Hapa mjini ndipo yalipo makao makuu ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Sisemi kwamba Bodi inatumia zana hizi. Nazungumzia aina ya data. Kumbukumbu za miaka mingi za mito inayoshuka Uluguru haziulizwi kila wiki. Zikiulizwa, kama mwishoni mwa 2021 Ruvu ilipopungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, jibu linatakiwa siku hiyohiyo. Zana inayopima umuhimu wa kitu kwa idadi ya mara kinazoguswa itaona takwimu za ukame ni mzigo.

Sababu ya pili ndiyo inayonitisha zaidi, nayo ni umeme. Mifumo mingi midogo huendeshwa kwa MySQL au ndugu yake MariaDB. Kwa kawaida hizi hazitoi jibu kwamba muamala umekamilika mpaka ziwe zimeuandika kwenye diski. Kuna kipimo kimoja ukikilegeza, zitajibu kwanza na kuandika diski mara moja kwa sekunde, sawa na karani anayekupa risiti kabla hajagusa daftari. Kasi inapanda kweli, na grafu ya bosi inapendeza. Umeme ukikatika, miamala ya hadi sekunde nzima inapotea, na mwanachama wa SACCOS tayari ana ujumbe kwenye simu kwamba marejesho yake yamepokelewa. PostgreSQL nayo ina kipimo ambacho kikizimwa, kukatika kwa umeme kunaweza kuharibu kanzidata nzima.

Hili si wazo langu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, waliobuni zana ya OtterTune, waliandika mwaka 2017 kwamba vipimo vya namna hii msimamizi wa kanzidata aviweke kwenye orodha ya vitu ambavyo mashine haina ruhusa kuvigusa, kwa kuwa mashine inasaka kasi na haioni hasara iliyojificha nyuma yake. Orodha hiyo ataiandika nani, kama msimamizi mwenyewe amehamishiwa kubadilisha wino wa printa? Mkoa huu una bwawa la umeme la Kidatu, megawati 204, na bado hakuna mhasibu mjini anayefanya kazi bila kuweka jenereta akilini. Radi ya masika ikipiga upande wa Mgeta, haiulizi seva yako imeandika wapi. Na kampuni iliyoanzishwa kuuza OtterTune ilifungwa Juni 2024. Aliyekuwa ameitegemea peke yake alibaki na seva na maswali.

Sikatai zana. Kwa kugundua ulizo linaloburuza saa nane za usiku, zinamshinda binadamu yeyote. Kosa ni lile lililoanza Oracle ilipotangaza mwaka 2017 kanzidata inayojiendesha yenyewe, na baadhi ya wakurugenzi wakasikia kwamba kuna mshahara mmoja wa kupunguza. Kazi ya msimamizi imehama. Zamani alishinda akikaza na kulegeza vipimo. Leo ndiye anayejua wiki ya usajili ni lini, ni data ipi haitakiwi kutoka nje ya ofisi, na kama nakala rudufu inafunguka.

Hili la nakala rudufu liangalieni kwa macho yenu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab alifuta kimakosa kanzidata kuu ya kampuni. Nakala zilizopaswa kujichukua zenyewe zilikuwa zimeshindwa kimyakimya, na barua pepe za kuonya zilikuwa hazifiki. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua mtu kwa mkono, kwa shughuli nyingine kabisa, saa sita hivi kabla. Data ya saa hizo sita ilipotea.

Kuna pia suala la nani atabeba lawama. Mei 2021 mfumo wa LUKU ulipokwama nchi nzima, watu wakakosa kununua umeme kwa siku kadhaa, Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, aliagiza viongozi wa TEHAMA wa TANESCO wasimamishwe kazi. Waliosimamishwa ni watu. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, taasisi haiwezi kujitetea kwamba ni zana iliyopeleka maulizo yenye majina ya wagonjwa kwenye seva za ughaibuni.

Basi leo, kabla ya kufunga ofisi, mwiteni msimamizi wenu wa kanzidata popote mlipompeleka. Azime ruhusa ya zana kufuta faharasa. Afunge vipimo vyote vinavyohusu kuandika diski. Kisha mwulizeni lini mara ya mwisho alichukua nakala rudufu, akairejesha kwenye seva nyingine, ikafunguka. Kama hakumbuki, mpeni seva hiyo na siku mbili za kazi, asisumbuliwe na mtu.